Doti Moja Kutoka Ulaya

Sanyuanli, Guangzhou,
China.

Kwa mama yangu mpenzi Bi Zuhura,
Kikwajuni, Unguja.

Shikamoo mama. Kabla hujaendelea kusoma, geuza bahasha uitazame nyuma. Nimeibandika gundi mara mbili na nimetia saini yangu juu ya kifuniko, nusu huku na nusu huku. Kama nusu zote mbili zimekutana sawasawa, barua imekufikia salama, endelea. Kama hazikukutana, kuna mtu ameisoma kabla yako, na mtu huyo namwambia hayamhusu. Anayeibeba mpaka Nairobi ni Mama Njeri, utamjua humu ndani, na yeye ataitia posta. Simshuku Mama Njeri. Nawashuku watakaoishika baada yake.

Mie sijambo, namshukuru Mungu. Kifua kilichonibana wiki ya kwanza kimeachia. Wewe je, hali yako? Magoti bado yanakusumbua unapoinuka kwenye msala? Ile dawa ya kuchua niliyokuachia unaitumia au umeshaigawa kwa majirani? Nakujua mama. Na bomba la uani limerudi kutoa maji? Niandikie yote, usinifiche kitu kwa kuogopa kunitia wasiwasi. Wasiwasi ninao tayari, hata pasipo sababu.

Barua yako niliipokea, nimeisoma mara tatu. Umeniambia Mama Mdogo Mize hainuki tena kitandani tangu mwanzo wa Rajabu, na mtaa mzima umekwenda kumtazama. Umeniambia pia kwamba wewe, dada yake wa tumbo moja, hukwenda na hutakwenda, kwa sababu hujasahau alichokuibia. Hilo ndilo ninalotaka kukujibu, mama. Jibu lenyewe nililiokota Ulaya, nikaja kuliamini hapa China, kwa hiyo nivumilie nikusimulie tangu mwanzo. Nimeandika kwa herufi kubwa, kama mlivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, usichoke macho. Isome peke yako, na mlango uufunge.

Ndege yetu ya kutoka Dar ilikuwa ituteremshe Amsterdam, mji mkuu wa Waholanzi, tukae kiwanjani saa mbili kisha tupande nyingine ya Hong Kong. Tulipofika tukaambiwa hiyo nyingine ina hitilafu, itaondoka kesho. Wakatuchukulia pasipoti zetu, wakatupa kikaratasi chenye mhuri, wakasema tutalala hotelini bure, tutakula bure, na mchana kutwa tuko huru kutembea mjini. Mama, mtu akikupa kitanda bure na chakula bure, huku pasipoti yako anayo yeye, wewe utafikiri nini? Nilimwuliza yule afisa mara nne pasipoti yangu inawekwa wapi. Mara ya nne akanionyesha kabati kwa kidole. Nikalitazama kabati lile mpaka nikalikariri.

Hapo ndipo aliponisogelea mama mmoja mnene, kavaa koti jekundu na raba nyeupe. Ndiye huyo Mama Njeri, Mkenya wa Nairobi, mfanyabiashara wa jinzi. Huja huku China mara kwa mara, kwa sababu nje ya Guangzhou kuna mahali panaitwa Xintang ambako karibu kila nyumba inashona jinzi.

"Dada, si twende tuone town?" akaniambia. "Kukaa kwa hoteli ni kujizeesha bure."

"Kwani unanijua?" nikamwuliza.

"Sikujui, lakini tumekalia ndege moja usiku mzima. Hiyo haitoshi?"

Haikunitosha. Kwapani nilikuwa na bomba la plastiki, na ndani yake michoro mitatu ya kanga zangu za Idi Kubwa. Unaijua biashara yetu ilivyo: mtu akiuona mchoro wako leo, kesho kanga iko Kariakoo imetandazwa kwa jina la mwingine. Nilijiambia huyu wa jinzi hakosi shoga wa kanga huko Mombasa. Halafu nikafikiri tena nikaona, nikimwacha aende peke yake sitajua anafanya nini. Nikamkubalia ili nimchunge.

Tukapanda treni mpaka katikati ya mji. Nilipotoka stesheni nikasimama nikashangaa, sikufichi. Mji mzima umekatwakatwa na mifereji ya maji, na kando yake nyumba zimebanana, nyembamba, ndefu, za matofali ya kahawia. Nyingine zimeinama mbele kama mtu anayechungulia chungu jikoni. Nikamwambia Mama Njeri tusipite chini yake. Akacheka, akasema zimekaa hivyo tangu enzi za mababu wa mababu zao. Nikamwambia basi zimebakiza siku chache.

Juu kabisa ya kila nyumba, chini ya paa, pametokeza boriti yenye ndoano ya chuma. Mie nilidhani walikuwa wakinyongea watu. Mzee mmoja Mholanzi, mwenye baiskeli, aliona tunatazama juu, akasimama bila ya kuitwa akaanza kueleza kwa Kiingereza, na Mama Njeri akanifasiria. Ndoano hizo ni za kupandishia mizigo. Ngazi za ndani ni nyembamba mno, kwa hiyo wafanyabiashara wa zamani walikuwa wakivuta magunia kwa kamba kutoka kwenye mashua mpaka ghalani juu: kahawa, pilipili manga, karafuu, marobota ya vitambaa. Aliposema karafuu nilimkumbuka marehemu baba na daftari lake la karani kule Konde. Yule mzee hakuomba kitu. Akapanda baiskeli yake akaondoka, na mie nikamfuata kwa macho mpaka alipopinda kona, nione kama atarudi.

Jambo lililonikera ni madirisha. Watu wale hawafungi mapazia. Unapita njiani unamwona mtu sebuleni kwake anakunywa chai, makochi yake, picha zake, paka wake, yote wazi. Mama Njeri akasema, "Hawa hawana cha kuficha." Nikamwambia mtu anayekufungulia sebule namna hiyo hataki uulize habari za chumba cha nyuma. Akasimama, akanigeukia.

"Dada," akasema, "wewe ulifanywa nini?"

"Sikufanywa kitu. Nimelelewa vizuri."

Nilihamu kahawa. Tukaona mahali pameandikwa ni duka la kahawa, tukaingia, na hakuna aliyekuwa na kikombe. Vijana wamekaa kwenye moshi wa bangi, macho mekundu, wanatutabasamia. Nilitoka mbio nikijinusa mtandio, maana nilikuona wewe hasa umesimama mlangoni unaninusa. Mama Njeri alicheka mpaka akashika ukuta. Siku ile nilianza kumpenda kidogo, lakini bomba langu nikalihamishia kwapa la pili, upande wa mbali naye.

Mchana mvua ikaanza, nyembamba na ya baridi, inaingia mpaka kwenye mifupa. Mama Njeri akasema hotelini walimpa tiketi mbili za nyumba ya makumbusho, tukajifiche huko. Mlangoni mlinzi akalionyesha bomba langu, akaonyesha makabati ya kuwekea mizigo. Hakuna kuingia na kitu kama hicho. Nikamwambia Mama Njeri aende peke yake, mie nitamngoja kwenye benchi la mlangoni. Nikakaa pale natetemeka, bomba nimelipakata kama mtoto mchanga.

Haukupita muda akarudi anahema.

"Dada, kuna leso huko ndani! Leso za kwenu za Pwani, na zimeandikwa Kiswahili."

"Leso Ulaya? Zimefuata nini?"

"Naapa. Kuja uone na macho yako. Hiyo kitu yako nitakushikia hapa nje."

Hee! Nikasema moyoni, ndipo alipokuwa akitaka kufika. Kutembea kote kule, na kucheka kote kule, ni kwa ajili ya dakika hii. Nikamwambia anisubiri. Nikaingia msalani, nikajifungia, nikaitoa michoro yangu, nikaikunja, nikaifunga kiunoni ndani ya gauni. Nikatoka nikampa mlinzi bomba tupu, nimekaza uso. Mpaka leo Mama Njeri hajui kwamba alipanda ngazi zile pamoja na kanga zangu tatu za Idi.

Mama, niliiona tangu mlangoni mwa chumba. Pindo la mikufu myekundu. Ndani ya pindo, mji mweusi. Makomamanga manne, moja kila pembe, na katikati komamanga kubwa lililopasuka, punje zake zinaonekana. Na jina chini, kwa herufi zile zile: NIMEKUCHAGUA WEWE.

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, Mama Mdogo amewauzia! Sikufikiri jambo lingine lolote. Nilikuwa na miaka kumi na miwili siku ya arobaini ya baba, nimesimama karibu na mlango wa jikoni, na nakumbuka kila kitu. Ulikuwa umekaa eda. Siku zile zote ulikuwa ukiitafuta kanga yako ya makomamanga sandukuni na huioni, ile aliyokuletea baba Pemba mwaka wa harusi yenu, akakuambia kapteni wa meli amemchapishia Ulaya, doti moja tu, kwa ajili yako peke yako, na hakuna mwanamke mwingine duniani mwenye kanga kama hiyo. Mara akaingia Mama Mdogo Mize kutoka mlango wa mbele, kajifunga kipande kimoja na kajitanda kipande cha pili, makomamanga yale yale. Uliinuka ukamvua kile cha kujitanda mbele ya wanawake wote. Akaondoka na kile cha kiunoni, kichwa wazi. Tangu siku ile ni miaka ishirini na minne, na baina ya nyumba zenu ni vichochoro vitatu tu.

Basi niliposimama mbele ya kioo kilichoifunika nilijua ni kile kipande cha kiunoni alichoondoka nacho, na kwamba amekiuza kwa Wazungu. Nikapiga kelele.

"Hii ya mama yangu! Imeibwa! Nataka mwenye nyumba hii!"

Mlinzi akaja. Mama Njeri akanishika mkono.

"Tulia dada, hawa wataita polisi."

"Waite! Hao polisi ndio ninaowataka!"

"Ngoja kwanza, wacha nisome hapa." Akaisoma karatasi iliyobandikwa pembeni, kimya kwanza, kisha kwa sauti, anafasiri neno moja moja. Kwamba kanga hiyo ilichapishwa kule kule Uholanzi, kiwandani, kwa maagizo ya wafanyabiashara wa Unguja na Mombasa. Kwamba mtindo huo ulipendwa, wakauchapisha tena na tena, maelfu ya doti. Na kwamba hii hapa ni sampuli iliyobaki kiwandani, haikuuzwa.

"Waongo," nikasema. "Ilichapishwa doti moja tu."

"Nani alikuambia?"

"Baba alimwambia mama."

Mama Njeri akairudia ile karatasi, akaweka kidole kwenye neno la maelfu. Kidole kile kiliniudhi kuliko kama angenibishia.

Nikakisogelea kioo mpaka pua ikagusa, nikaitazama kanga ile kama ninavyozitazama zangu zinapofika bandarini. Ilikuwa doti nzima, haijakatwa. Vipande viwili vimeshikana bado, vile vile vinavyotoka kwenye mashine, havijapitishwa mkasi wala kupindwa. Yako ilikatwa, na uliipinda mwenyewe kwa mkono, uzi mwekundu. Hii haikuwahi kuvaliwa na mtu. Haikuwa yako, na haikuwa ya Mama Mdogo, na hata hapo sikukubali. Nilijiambia Wazungu wanaweza kuandika wanachotaka kwenye karatasi yao. Tulipokuwa tunatoka, Mama Njeri akaninunulia kadi yenye picha ya kanga ile, na mie nikaigeuza mbele na nyuma kutafuta ujanja uko wapi.

Kesho yake pasipoti yangu niliikuta kabatini, haijaguswa. Nikahesabu kurasa zake hata hivyo. Tukaruka mpaka Hong Kong, na kutoka hapo treni ikatuleta Guangzhou.

Sasa tumepanga chumba kimoja na Mama Njeri hapa Sanyuanli, karibu na kiwanja cha ndege, na ndege zinapita juu ya paa mpaka vikombe vinalia. Chakula usiwe na wasiwasi nacho. Kuna hoteli ndogo ya tambi ya Waislamu wa Kichina, ina bango la kijani lenye maandishi ya Kiarabu. Mie sikuamini bango. Siku ya kwanza nilimwita mpishi nikamwambia anisomee Fatiha. Akaisoma yote, mikono imejaa unga, na kwa tajwidi bora kuliko mie. Tangu hapo nala kwake.

Wiki iliyopita tulikwenda kiwanda cha kuchapa vitambaa. Mwenyewe, laoban kama wanavyomwita bosi huku, ni mtu mwembamba, mpole, anavuta sigara moja baada ya nyingine. Tulipomaliza habari za kanga zangu za Idi, ndipo nikatoa ile kadi. Nilikuwa nimepanga kukushangaza, mama. Nilitaka akuchapishie doti moja ya makomamanga, nikuletee, uwe nayo nzima tena kama ya kwanza. Mama Njeri akamweleza kwa Kiingereza chake na vidole. Laoban akainua kidole kimoja.

"Moja?"

"Moja," nikasema.

"Mei you," akasema, yaani hakuna, na akaanza kucheka. Si kicheko kibaya, lakini nilikasirika. Nilidhani anavuta bei. Nikamwambia Mama Njeri amwambie nitalipa, asinifanye mjinga. Laoban akaweka sigara chini, akatushika mikono akatupeleka ndani. Akatuonyesha fremu zilizowambwa kitambaa, kila rangi na fremu yake, na kila fremu kazi ya siku kadhaa. Akatuonyesha mashine, ndefu kama uchochoro wetu. Akasema maneno mengi.

"Anasema," Mama Njeri akanifasiria, "hata rais wa nchi yake akikuja hapa, hawezi kuprint leso moja. Hakuna kiwanda duniani kinaprint leso moja."

"Mwambie baba yangu alichapishiwa."

Akamwambia. Laoban akaniuliza swali, kwa adabu kabisa.

"Anauliza, baba yako alikuwa na kiwanda?"

Mama, nikairudisha kadi mkobani. Miaka tisa nafanya kazi hii. Miaka tisa nabishana na wenye viwanda, kuanzia Bombay mpaka hapa, wanipunguzie idadi ya doti wanazonilazimisha kuagiza, na wote wananiambia hivyo hivyo, haiwezekani. Mtoto wa jana kwenye biashara ya kanga analijua hilo. Na miaka hiyo hiyo tisa, ukinisimulia habari ya kapteni na doti moja, mie nakuitikia. Nawashuku watu wanaonipa kiti, na hadithi ile sikuitilia shaka hata mara moja, kwa sababu ilikuwa yako na ya baba.

Nadhani najua ilivyokuwa. Baba alikuja Unguja na karafuu, akapita Darajani, akaiona, akainunua. Njiani kurudi Pemba akaitungia hadithi. Kule Konde nani angemkadhibisha? Kanga ya mjini haidumu, mama, msimu mmoja wanawake wameihama wanataka nyingine. Mpaka mlipohamia mjini mtindo ule ulikuwa umeshasahaulika, kila aliyekuwa nayo ameitia sandukuni au imekuwa kitambaa cha kufutia. Alikudanganya, nakuomba umsamehe. Mtu aliyekuwa akihesabu magunia ya wenzake kutwa nzima alitaka akupe kitu ambacho hakihesabiki na cha mwingine.

Na Mama Mdogo? Siku ile alisema maneno matano tu: "Dada, hii yangu niliinunua Darajani." Ukamjibu kwamba marehemu alichapishiwa doti moja Ulaya. Mie nilikuwa namtazama. Alifungua mdomo, akaufunga. Miaka yote hii nimesema huo ni mdomo wa mwizi uliokosa la kujitetea. Sasa naona alikuwa na la kusema, tena fupi. Lakini angelisema, angekuwa amemwita marehemu mwongo ndani ya arobaini yake, mbele ya mjane wake na wanawake wote wa mtaa. Akaona bora aondoke kichwa wazi.

Sasa lililobaki ndilo lililonikosesha raha, na ndilo lililonifanya nibandike gundi mara mbili. Niliporudi chumbani nilikaa kitandani nikajiuliza: kama ile ni yake, yako ilikwenda wapi? Nikaanza kuwashuku watu, unanijua. Nilimshuku fundi aliyekuja kutengeneza paa. Nilimshuku yule mpangaji wa chumba cha uani. Nilimshuku bibi, Mungu anisamehe. Nikawapitia wote waliokanyaga nyumba yetu msiba wa baba, mmoja mmoja, mpaka wakaisha. Akabaki mtu mmoja ambaye sijawahi kumtilia shaka.

Asubuhi ya maziko wanaume walikuwa uani wanamkosha baba. Wewe ulikuwa umezimia chumbani, wanawake wanakupepea. Mwalimu aliyewasimamia waoshaji akapaza sauti anataka kanga za kumsitiri maiti. Bibi akanipa ufunguo wako akaniambia, "Zuwena, kalete kanga sandukuni, upesi." Nikafungua. Zilinukia udi. Nilikuwa nalia, sikutazama, nikazinyakua zilizokuwa juu, nne au tano, nikakimbia nazo mpaka mlango wa uani, na mkono wa mtu ukazipokea. Na unajua desturi yetu: zilizotumika kukoshea haziirudii nyumba, hupewa waoshaji wakaondoka nazo. Hakuna aliyeniuliza, na mie sikukumbuka, au sikutaka kukumbuka.

Siwezi kuapa, maana sikuziona. Lakini mama, ile kanga yako ulikuwa ukiiweka juu ya zote. Na sanduku lile hakulifungua mwingine.

Nimelia sana hapa. Mama Njeri akaniuliza nina nini, nikamwambia yote, yeye niliyemficha karatasi tatu. Ameniambia neno moja ambalo nataka nikufikishie: kwamba kama ni hivyo, basi baba alifunikwa na kanga aliyokuchagulia mwenyewe, siku ya mwisho. Haikuibwa. Ilikwenda naye mpaka kwenye sanda.

Mama, kile kipande kilichomo sandukuni mwako si chako. Kitazame pindo, utaona hakina uzi wako mwekundu. Labda umeshaona zamani, hilo sitakuuliza. Kile cha pili anacho yeye, sina shaka, hawezi kuwa amekitupa. Vaa buibui lako, kitie kwapani, vichochoro ni vitatu tu. Usimngojee apone na usiningojee mie nirudi. Habari za Ulaya si lazima umweleze, kadi nimeitia humu, mpe aitazame. Mwambie tu nani alitumwa siku ile.

Nisalimie kaka Othmani dukani, mwambie marobota yakifika ayahesabu yeye mwenyewe. Msalimie wifi yangu na watoto wake. Msalimie fundi wa cherehani wa barazani kwetu, na jirani yetu wa ukuta mmoja, hata kama kijiko changu hajarudisha. Katika barua zangu zote sijapata kumtaja Mama Mdogo kwenye salamu, kwa kukuogopa wewe. Leo namtaja. Yeye usimtumie mtu, msalimie mwenyewe, kwa mdomo wako, umekaa kitandani kwake.

Ni mie mwanao,
Zuwena, niliyetumwa sandukuni.